Matunzo ya mtoto: elfu ngapi ni haki, pesa ikitegemea giza na mavuno?

Si kila mzazi anayefika ofisi yetu ya ustawi wa jamii hapa Kigoma kudai matunzo anamshtaki mwenzake kwa kumkana mtoto. Wengi wanakubaliana kwamba mtoto ni wao, na kwamba lazima ale, avae na asome. Wanachogombania ni kiasi. Mama anataja laki moja kwa mwezi, baba anataja elfu ishirini, na kila mmoja anamwona mwenzake mkorofi. Ukiwauliza hesabu hizo wamezipataje, mara nyingi wote wanababaika. Mama ametaja kiasi alichosikia jirani yake analipwa. Baba ametaja kilichokuwa mfukoni asubuhi hiyo.

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, haikupanga kiwango. Hakuna asilimia ya mshahara iliyotajwa, wala kiasi maalumu kwa kila mtoto. Zamani kiwango kilikuwepo. Sheria iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulidumu vitabuni hadi sheria ya 2009 ilipoufuta, wakati shilingi 100 hainunui hata kipande cha sabuni. Kwa hiyo anayekwambia "serikali imepanga elfu kadhaa kwa mtoto mmoja" anakupotosha, hata akiwa na nia njema.

Badala ya kiwango, sheria inamtaka hakimu apime mambo kadhaa: kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna mmoja ambaye uwezo wake wa kutafuta pesa umepungua, kwa mfano kwa ugonjwa, kama anayedaiwa ana watoto wengine wanaomtegemea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Naomba wasomaji wasilipite haraka neno "wote wawili". Matunzo si adhabu anayopewa baba kwa kuondoka, wala si mshahara wa mama kwa kubaki na mtoto. Mama mwenye duka Mwandiga na baba kibarua hawawezi kugawana mzigo sawasawa na mama asiye na kitu aliyezaa na mwenye vipe vitatu, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, pale Katonga.

Hesabu ianzie kwa mtoto, mifuko ya wazazi ifuate baadaye. Ofisini tunachukua karatasi tu. Tuseme ni mtoto wa darasa la tatu anayeishi na mama yake Gungu. Chakula chake kwa siku ni kama shilingi 2,000, yaani 60,000 kwa mwezi. Sabuni, mafuta na vinyozi, 10,000. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini daftari, kalamu na mchango wa uji vipo, weka 10,000. Sare, viatu na begi vinagharimu kama 60,000 kwa mwaka, ambayo ni 5,000 kila mwezi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu Januari inawakuta hawajaweka chochote. Matibabu, 10,000. Sehemu ya kodi ya chumba, 15,000. Jumla ni 110,000. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, huu ni mfano tu.

Sasa ndipo tunauliza mifuko. Mama anauza mawese na kwa wastani anabakiwa na 120,000 kwa mwezi. Baba ni mvuvi, anapata wastani wa 240,000. Uwezo wa baba ni mara mbili ya ule wa mama, basi tukigawa kwa uwiano huo baba anabeba kama 73,000 na mama 37,000. Kama baba ana watoto wengine wawili kwa mke wa sasa, hesabu inapungua, lakini haifiki sifuri, kwa sababu kuoa tena hakumfuti mtoto wa kwanza. Na kabla baba hajasema mama naye atoe nusu, akumbuke kwamba anayemfulia mtoto, anayeamka naye usiku akiwa na homa na kumsindikiza zahanati ni mama, na kazi hiyo haijaandikwa popote kwenye karatasi yetu. Mimi binafsi huipa uzito.

Huu si mfumo wa kimahakama. Ni njia ya kuwafanya wawili wanaogombana waangalie kitu kimoja, na karatasi ya namna hii inamsaidia hata hakimu.

Tatizo letu la Kigoma linaanzia kwenye tarehe ya kulipa. Makubaliano mengi yanaandikwa "kila mwisho wa mwezi", kana kwamba kila mtu analipwa kama mwalimu. Mvuvi wa dagaa hana mwisho wa mwezi. Anafanya kazi kwenye giza, taa zikivuta dagaa, na mbalamwezi ikikolea vipe vinapumzika. Anapata mgao baada ya tajiri, yaani mwenye chombo, kutoa gharama za mafuta na chakula, na usiku mwingine anarudi mikono mitupu. Ukimwambia atoe 73,000 kila tarehe 30, kuna tarehe 30 itamkuta katikati ya mbalamwezi akikopa vocha. Mama ataona amedharauliwa, baba ataona anaonewa, na wote watakuwa na hoja.

Kwa wavuvi napendekeza malipo yafuate giza. Giza likiisha na mgao ukitoka, sehemu ya mtoto itumwe siku hiyohiyo, kabla pesa haijapita kijiweni. Wanaweza hata kukubaliana kiwango cha chini kisichoshuka, tuseme 40,000, kwa ajili ya chakula cha mtoto ambacho hakijui mbalamwezi, na nyongeza pale giza linapokuwa zuri. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kufungwa kwa namna hiyo kunatangazwa mapema, kwa hiyo mvuvi mwenye mtoto wa kutunza ajiandae: aweke akiba, alipe sehemu kabla, au aje tupunguze kwa muda kwa maandishi. Kunyamaza miezi mitatu halafu kusema "ziwa lilifungwa" ni jambo lingine kabisa.

Kwa mkulima wa Kasulu, Kibondo au Buhigwe, pesa inakuja na mavuno. Huyo anaweza kutoa mahindi na maharage, kwani wajibu ulioandikwa kwenye sheria ni mahitaji ya mtoto, yaani chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Shida ni bei. Baba analeta gunia wakati wa mavuno mahindi yakiwa ya bei ya chini, kisha mwezi wa kwanza anadai alitoa gunia kwa bei ya njaa. Andikeni bei ya siku ya kupokea, basi. Na gunia halinunui dawa wala viatu, kwa hiyo fedha taslimu kidogo lazima ziwepo.

Kuna lalamiko la akina baba ambalo silipuuzi: "Nikituma, hela anakula na mwanaume wake." Likitokea, kuna njia. Baba anaweza kununua sare mwenyewe, kulipa mchango moja kwa moja shuleni, au kulipia bima ya afya ya mtoto. Lakini asijifanye mkaguzi wa sufuria. Unga ukipikwa kwenye nyumba yenye watu wanne, huwezi kutenga uji wa mtoto mmoja. Na mama kuolewa kwingine hakumhamishii mume mpya wajibu wa baba mzazi.

Mama naye asimfanye mtoto dhamana. "Hujatuma, humwoni" ni kauli tunayoisikia sana, na upande wa pili kuna "humleti kwetu, sitoi". Zote mbili hazina msingi kisheria. Kumwona mtoto na kumtunza ni mambo mawili yanayosimama kila moja kwa miguu yake. Haki ya kuonana ni ya mtoto pia, na mahakama inaweza kuipangia utaratibu wake. Mtoto wa chini ya miaka saba sheria inachukulia kwamba ni vyema akae na mama, isipokuwa ionekane vinginevyo, lakini hilo halimwondoi baba kwenye matunzo wala halimfungii mlango. Sheria pia inasema mtoto wa wazazi waliotengana ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hawajatengana, na hapo ndipo wenye uwezo hubanwa: huwezi kumtoa mtoto shule nzuri kwa sababu tu umekasirikiana na mama yake.

Kwa wasiofunga ndoa kuna jambo la muda ambalo wengi wanalijua kwa kuchelewa. Maombi ya matunzo dhidi ya mwanaume anayetajwa kuwa baba yanaweza kupelekwa wakati wa ujauzito, au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo yanawezekana bado ikiwa itathibitika kwamba mwanaume huyo alitoa pesa za matunzo ndani ya miezi hiyo 24. Kwa hiyo dada, usifute meseji za muamala. Ile elfu kumi aliyotuma mtoto akiwa na miezi mitano inaweza kuwa ushahidi wako mkubwa. Baba akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na kelele za mtaani kwamba mtoto "hafanani" hazihesabiki.

Makubaliano yaliyoandikwa ofisini kwetu, yakisainiwa na pande zote, mara nyingi yanatosha. Lakini hayana nguvu ya amri ya mahakama. Mmoja akiyavunja, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, na hakimu anaweza kutuagiza tuandike ripoti ya hali ya familia. Anayeweza kuomba si mama peke yake: baba anayeishi na mtoto, mlezi, ndugu na afisa ustawi wa jamii wanaweza pia. Hakimu anaweza kuamuru malipo ya kila kipindi au ya mkupuo, na kwa mwenye ajira kuamuru yakatwe kwenye mshahara. Kuacha kumtunza mtoto ni kosa pia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sipendi kuanza na kifungo, maana baba aliye ndani hatumi kitu, ila nimewaona wanaokumbuka watoto wao baada tu ya kusomewa kifungu hicho.

Amri ikishatoka haijachongwa kwenye jiwe. Baba akiumia mkono, mama akipata ajira, mtoto akigundulika ana maradhi yanayohitaji dawa kila mwezi, yeyote anaweza kurudi kuomba ibadilishwe. Kwa kawaida inakoma mtoto akifikisha miaka 18, lakini akiwa bado masomoni au kwenye mafunzo mahakama inaweza kuiendeleza.

Mkija, njooni na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za matumizi mlizonazo, kumbukumbu za miamala ya simu, na daftari la mapato hata kama ni la penseli. Huduma ya ofisi ya ustawi wa jamii haina malipo, na kwa wanaohitaji msaada wa kuandaa maombi ya mahakamani, watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 wanafanya kazi hiyo bure kwa wasio na uwezo.