“West Coast” Haikuzaliwa Pwani

Jumapili iliyopita nimelisikia tena jina la West Coast, yaani Pwani ya Magharibi, likitumiwa ovyo. Tulikuwa Waswahili kama kumi hivi sebuleni kwa rafiki yetu hapa Ohio, Wakenya, Watanzania na Wakongo, chai na mahamri mezani, futiboli ya Kimarekani kwenye runinga. Kwotabeki, yule mchezaji anayerusha pasi, akavuta mkono akarusha mpira mrefu kupita nusu ya uwanja, na kijana mmoja akasema kwa uhakika kabisa, “Hiyo ndiyo West Coast yenyewe!” Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wiki chache kabla ya hapo, mtu mwingine alilitumia jina hilohilo kwa sababu tu timu iliyokuwa ikicheza imetoka California. Nimeona niandike, maana hili jina nalionea uchungu.

Maana yake si ngumu. Ni mfumo wa kushambulia ambao pasi fupi za haraka zinafanya kazi iliyozoeleka kufanywa na wakimbiaji. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Badala ya kumpa mkimbiaji mpira akajibamize kwenye ukuta wa mabeki, kwotabeki anarudi nyuma hatua tatu au tano, na hatua ya mwisho inapotua, mpira unatoka. Mpokeaji naye awe ameshageuka mahali pake wakati huohuo. Anadaka akiwa mbioni, na yadi nyingi anazichuma kwa miguu baada ya kudaka. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, na mfumo huu unautumia upana huo wote kabla ya kuhangaika na urefu. Basi, hiyo ndiyo maana. Shida iko kwenye jina.

Sisi tukisema pwani tunajua tunachosema. Neno lenyewe limetokana na kupwa: pwani ni pale maji yanapokupwa na kujaa. Sasa chukua ramani uitafute Cincinnati. Iko papa hapa Ohio, ukingoni mwa mto, na kutoka hapo hadi San Francisco ni zaidi ya kilomita 3,000. Mfumo unaoitwa wa Pwani ya Magharibi ulitungwa hapo, mwaka 1970, na aliyeutunga ni kocha msaidizi aliyeitwa Bill Walsh. Kilichomlazimisha autunge ni bega la mtu lililoumia.

Mwaka 1969 timu ya Cincinnati Bengals ilikuwa na kwotabeki mgeni kwenye ligi, Greg Cook, kijana mrefu mwenye mkono wa ajabu. Walsh, aliyekuwa akifundisha mashambulizi chini ya kocha mkuu Paul Brown, alimjengea mchezo wa mipira mirefu. Katika mechi ya tatu, dhidi ya Kansas City, Cook aliumia bega. Aliendelea kucheza msimu ule na maumivu yake, lakini bega halikupona, na mchezo wake ukaishia hapo kwa kweli. Mwaka uliofuata akaletwa Virgil Carter, ambaye Chicago walikuwa wamemwacha aondoke. Carter hakuwa na mkono wa kufika mbali. Alikuwa na akili, miguu myepesi na shabaha.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Kocha mwingine angesema hatuna mtu, tusubiri msimu ujao. Walsh alikaa na alichonacho. Kama mpira hauwezi kwenda mbali, basi uende upande, na uende mapema kabla mabeki hawajafika. Wapokeaji walipangwa kwa ngazi, wa karibu na wa mbali kidogo, ili kwotabeki akimkosa wa kwanza amwone wa pili bila kutafuta. Kila kitu kilipimwa kwa hatua. Msimu wa 1970 Bengals walishinda mechi moja tu kati ya saba za mwanzo, kisha wakashinda saba mfululizo na kuchukua ubingwa wa kundi lao. Mwaka 1971 Carter, huyo asiye na mkono, aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika, 62.2. Baada yake akaja Ken Anderson, kutoka chuo kidogo cha Augustana, naye akaongoza ligi kwa ubora wa pasi mwaka 1974 na tena 1975. Yote hayo Cincinnati. Wakati wa baridi kunaanguka theluji kule.

Sasa jina lilitoka wapi? Kuna masimulizi mawili, na yote mawili yanaonyesha jinsi lilivyopotea njia.

La kwanza ni la Bill Parcells, kocha wa New York Giants. Desemba 29, 1985, timu yake iliwafunga San Francisco 49ers, timu ambayo Walsh alikuwa akiiongoza wakati huo, 17 kwa 3 katika mchujo. Baada ya mechi Parcells aliwauliza waandishi, kwa kejeli, wanauonaje sasa huo mchezo wa Pwani ya Magharibi. Aliyemlenga ni Walsh, ila yalikuwa maneno ya ushindi tu, na hayakuwa jina la mfumo.

La pili ndilo lenye uzito. Mwaka 1993 kwotabeki Bernie Kosar alihamia Dallas Cowboys, na akaeleza kwamba mfumo wa pale anaujua: ni ule wa Pwani ya Magharibi, wa makocha Norv Turner, Ernie Zampese, Don Coryell na Sid Gillman. Soma majina hayo tena. Walsh hayumo. Kosar alikuwa anazungumzia ukoo mwingine kabisa. Gillman aliifundisha timu ya Chargers kuanzia 1960, mwaka mmoja Los Angeles na baadaye San Diego. Coryell alifundisha chuo cha San Diego State tangu 1961 na akarudi mjini humo kuiongoza Chargers kuanzia 1978. Hao ndio watu wa pwani kweli, na mchezo wao ulikuwa wa kurusha mbali, kuwanyoosha mabeki kwa urefu, njia za wapokeaji zikiitwa kwa tarakimu. Paul Zimmerman wa jarida la Sports Illustrated akayaandika maneno ya Kosar. Waandishi wengine wakaliokota jina, wakaangalia ni timu gani ya pwani ya magharibi inayosifika kwa pasi, wakalibandika kwa 49ers. Walsh hakulipenda. Halikutoka tena.

Kwa hiyo kijana wetu wa Jumapili, aliyeona mpira mrefu akasema West Coast, alikosea kwa maana ya leo, lakini bila kujua alikuwa karibu na wenye jina kuliko wachambuzi wengi wa runinga.

Nisimwonee mtu: Walsh mwenyewe alikuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1931, akasoma San Jose State, akaanza ukocha kwenye shule ya sekondari Fremont, akawa msaidizi vyuoni California na Stanford. Mwaka 1966 alifanya kazi Oakland Raiders, timu iliyofuata mchezo wa Al Davis, ambaye naye aliwahi kuwa msaidizi wa Gillman, kwa hiyo mawazo ya Gillman yalimfikia. Ila kuonja chungu cha jirani ni jambo moja, na kupika chako ni lingine. Walichokula San Francisco miaka ya themanini kilipikwa Cincinnati, kwa mkaa wa shida.

Na kuna sababu nyingine ya mimi kutopenda jina hili kuifuta Ohio. Walsh alikaa Cincinnati miaka minane. Paul Brown alipostaafu ukocha mwanzoni mwa 1976, aliyerithi kiti alikuwa Bill Johnson, kocha wa safu ya mbele. Miaka mingi baadaye Walsh alisema kwamba Brown hakuishia hapo, bali alipiga simu kumzibia njia kwingine. Akaenda San Diego kwa mwaka mmoja, akamfunza kwotabeki Dan Fouts, kisha akaiongoza Stanford miaka miwili. Alipopata timu yake mwenyewe kwenye ligi, mwaka 1979, alikuwa na miaka 47. Msimu wa kwanza 49ers walishinda mechi mbili wakafungwa 14. Lakini mwaka huo, timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, alimchagua kwotabeki Joe Montana, mtu wa 82 katika orodha, ambaye wengine walisema mkono wake hautoshi. Walsh alikuwa ameshajua tangu enzi za Carter kwamba mkono si kila kitu.

Januari 1982 akachukua Super Bowl, fainali ya ligi, ya kwanza kwa 26 dhidi ya 21. Waliofungwa walikuwa Cincinnati Bengals, na kwotabeki wao alikuwa Ken Anderson, mwanafunzi wake. Ya pili, Januari 1985, ilikuwa dhidi ya Miami, 38 kwa 16. Ya tatu, Januari 1989, akakutana tena na Bengals, safari hii wakiongozwa na Sam Wyche, aliyewahi kuwa mchezaji wake kule na msaidizi wake San Francisco. Montana aliivusha timu yadi 92 dakika za mwisho, mpokeaji John Taylor akadaka ikiwa imebaki nusu dakika na ushei, ikawa 20 kwa 16. Hiyo ndiyo mechi ya mwisho Walsh kuiongoza 49ers. Alifariki Julai 2007.

Mfumo haukufa naye. Kocha Mike Holmgren aliupeleka Green Bay, Dennis Green akaupeleka Minnesota, na Andy Reid, aliyelelewa na Holmgren, amechukua nao ubingwa Kansas City, japo ameshauchanganya na mengi. Kansas City, Green Bay, Minnesota: hakuna bahari hata moja hapo.

Simwambii mtu aache kusema West Coast. Jina limeshakaa miaka zaidi ya thelathini, na ukilikataa hutaelewana na yeyote anayefuatilia mchezo huu. Naomba tu liwekwe mahali pake. Mpira mrefu ukiruka juu ya vichwa vya mabeki, huo uite wa Coryell. Timu ikitoka California, taja mji wake, inatosha. Ila ukimwona kwotabeki anarudi nyuma hatua tatu tu, mpira umeshatoka, na mpokeaji anaudaka pembeni akiwa tayari mbioni, hapo sema West Coast bila wasiwasi. Na yule kijana wetu wa Jumapili akikuuliza pwani ipi, mwonyeshe mto Ohio.