Je, wajua kwa nini mechi ya kwanza ya msimu huwashinda watabiri?

Agosti ikikaribia, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hapa Tanga huwa havina mada nyingine. Ratiba imetoka, usajili umetangazwa, na kila mwenye kikombe mkononi ana matokeo yake kamili: "Mgosi, Coastal anashinda mbili bila, andika," wakimaanisha Coastal Union, timu yetu ya hapa. Cha kushangaza ni kwamba watu haohao, ambao mwezi Machi hupatia mechi baada ya mechi, Agosti hukosea vibaya. Kwa nini?

Kwa sababu Agosti tunaitabiri timu ambayo hatujaiona, kwa ushahidi wa timu ambayo haipo tena. Na mfano mzuri kuliko yote ulichezwa hapahapa kwetu.

Mwaka 2023 Ngao ya Jamii, mashindano yanayofungua msimu wa Tanzania, ililetwa uwanja wetu wa Mkwakwani. Fainali ya Agosti 13 ikawakutanisha watani wa jadi, Simba na Yanga. Ukitazama karatasi, Yanga ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kushinda: bingwa wa ligi, ametoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na miezi miwili tu nyuma alikuwa ameifunga Azam 1-0 katika uwanja huohuo na kubeba kombe la shirikisho la nyumbani. Lakini Yanga ya Agosti haikuwa Yanga ya Juni. Kocha Nasreddine Nabi alikuwa ameondoka na nafasi yake kachukua Miguel Gamondi. Fiston Mayele, aliyemaliza ligi na mabao 17 sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, alikuwa amekwenda Pyramids ya Misri. Waliosajiliwa walikuwa bado wanazoeana. Dakika 90 zikaisha 0-0, ikaja mikwaju ya penalti, na kipa wa Simba Ally Salim akaokoa mitatu. Simba akashinda 3-1.

Waliotoka Mkwakwani siku ile wakiamini Simba ndiye atakayetawala msimu walipata jibu Novemba 5: Yanga 5, Simba 1. Mwisho wa msimu ubingwa ulikwenda Jangwani, kwa Yanga. Mechi ya ufunguzi haikuwa imesema uongo. Ilisema kidogo mno, na sisi tukaisikia kama imesema yote.

Haya si ya Tanzania peke yake. Leicester City waliushangaza ulimwengu kwa kutwaa ubingwa wa England mwaka 2016, kisha wakafungua msimu uliofuata ugenini kwa Hull City, timu iliyokuwa imetoka kupanda daraja, isiyo na kocha wa kudumu, yenye majeruhi tele. Nani angempa Hull? Hull akashinda 2-1. Na huyohuyo Hull alishuka daraja mwisho wa msimu.

Mechi za kirafiki nazo zinadanganya sana, na nadhani ndizo zinazowaponza watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2014 Manchester United chini ya kocha mpya Louis van Gaal ilizunguka Marekani ikishinda, hadi Real Madrid ikafungwa 3-1 mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Siku ya kwanza ya ligi, nyumbani Old Trafford, ikafungwa na Swansea 2-1. Katika maandalizi kocha anabadilisha kikosi kizima kipindi cha pili, straika anatafuta pumzi, beki hataki kuumia, na mpinzani naye anajaribu vijana wake. Matokeo yanaandikwa kwa tarakimu zilezile za ligi, lakini hayapimi kitu kilekile.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo pana utamu. Wanaotabiri kwa kompyuta hawaanzi na kuuliza nani atashinda. Wanauliza: timu hii, dhidi ya ile, katika uwanja huu, inategemewa kufunga mabao mangapi kwa wastani? Kisha wanatumia kanuni ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, ya karne ya 19, inayoonyesha wastani huo unavyogawanyika kuwa bila bao, bao moja, mawili, na kuendelea. Mwaka 1982 mtakwimu Maher aliionyesha njia hii kwa mechi za England, na hadi leo ndiyo mzizi wa mifumo mingi.

Chukua mfano wa kubuni. Coastal Union yuko Mkwakwani na anategemewa kufunga wastani wa mabao 1.3, mgeni wake 0.9. Coastal ni bora, hilo halina ubishi. Lakini ukipiga hesabu unapata hivi: Coastal kushinda, kama mara 46 katika 100. Sare, 28. Kufungwa, 26. Maana yake timu bora, nyumbani kwake, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoshinda kuliko wa kushinda. Na yale matokeo kamili yanayotamkwa kijiweni? Yenye nafasi kubwa kuliko yote hapo ni 1-0, nayo hutokea kama mara 14 tu katika 100. Mpira una mabao machache, na bao moja la kubahatisha, mpira uliomgonga beki ukaingia, linatosha kupindua kila kitu. Kwenye mpira wa kikapu, ambako pointi ni nyingi, bahati ya mtupo mmoja humezwa.

Hiyo ni mechi yoyote ile. Mechi ya kwanza inaongeza tatizo jingine: hizo 1.3 na 0.9 zenyewe zimetoka wapi, wakati hakuna mechi hata moja ya msimu huu? Watabiri makini huchukua takwimu za msimu uliopita, kisha huivuta kila timu kidogo kuelekea wastani wa ligi: iliyofanya vizuri sana inashushwa, iliyofanya vibaya inapandishwa, kwa kuwa sehemu ya mafanikio yale na maanguko yale ilikuwa bahati, na bahati haisajiliwi kwa msimu mpya. Aliyepanda daraja huanza chini. Aliyebadilisha kocha na nusu ya kikosi huvutwa zaidi, kwa sababu ya jana yake hayamhusu sana.

Uwanja wa nyumbani unabaki kuwa na uzito, na mashabiki ni sehemu kubwa ya uzito huo. Msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, Ligi Kuu ya England ilipata ushindi wa ugenini mwingi kuliko wa nyumbani. Kwa hiyo wanaojaza jukwaa la Mkwakwani siku ya kwanza wanaingia kwenye hesabu kweli.

Ndiyo maana sioni busara ya mtu kuweka nauli ya bodaboda au hela ya unga kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubashiri, wa siku ya ufunguzi. Ni siku ambayo hata wenye kompyuta wanajua kidogo kuliko siku nyingine yoyote ya msimu. Kutabiri kwa ajili ya raha ni jambo jingine, tena zuri. Ukitaka kujua nani kijiweni anajua kazi, mwambie asitaje mabao, ataje nafasi: Coastal 46, sare 28, mgeni 26. Yaandikwe kwenye daftari, mechi baada ya mechi, msimu hadi msimu. Zile mechi alizosema mwenyeji ana 46 katika 100, zikiwa nyingi na mwenyeji akawa ameshinda karibu nusu yake, huyo msikilizeni, hata kama siku ya kwanza alionekana amekosea.