Lupasi, seli zilizokufa na hii tabia ya kuacha dawa: maswali na majibu

Swali: Lupasi ni nini?

Ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, damu, figo, hata ubongo. Haiambukizi na hujarogwa. Kwenye wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa.

Swali: Nimesikia inahusiana na seli zilizokufa, kivipi?

Kila siku seli zako zinakufa kwa mabilioni na hiyo ni kawaida kabisa. Seli ikifa kwa utaratibu inajikunyata, inatoa alama kwenye utando wake wa nje, halafu seli walaji zinazoitwa makrofeji zinakuja kuimeza kimyakimya kabla haijapasuka. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi kazi hii inazorota, sasa ile seli inabaki kama maiti isiyozikwa, inapasuka, DNA (vinasaba) na protini zilizokuwa zimefichwa kwenye kiini zinamwagika nje, kinga ikiziona inadhani imevamiwa na inaanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia wavamizi, dhidi ya DNA yako mwenyewe. Kingamwili na DNA zikishikana zinazunguka na damu mpaka zinanasa kwenye vichujio vya figo, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Sio sababu pekee, kurithi na homoni vimo pia, ila hii ni kubwa.

Swali: Kwa nini mnatukataza jua?

Miale ya jua inaua seli za ngozi, yaani unaongeza mzigo kwa walaji ambao tayari wamezidiwa. Vaa mikono mirefu, kofia, paka losheni ya kukinga jua, hata siku ya mawingu.

Swali: Vipele vimeisha na viungo haviumi, naweza kuacha dawa?

Hapana.

Swali: Hata kama najisikia poa kabisa?

Hapana jamani! Unajisikia poa kwa sababu unameza dawa. Nawaona kila mara, mtu anapotea kliniki miezi kadhaa, akirudi uso umevimba, presha iko juu, anasema "lakini nilikuwa siumwi popote". Ndio, hukuumwa, kwa sababu figo ikiharibiwa na lupasi mara nyingi haiumi. Naomba usisubiri maumivu, hayaji. Na kama unatumia prednisoloni (dawa ya kutuliza kinga, inafanya kazi kama homoni ya mwili) kwa muda mrefu ukaikata ghafla, mwili unakuwa umeshazoea kutojitengenezea homoni yake, presha inashuka, unatapika, unaweza kuzimia na kufa. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, sio ya shoga yako wala ya mtu wa kwenye simu.

Swali: Nitajuaje figo imeguswa?

Mkojo una povu lisiloisha, kope zimevimba asubuhi, soksi zinaacha mfereji mguuni. Ila hapo umeshachelewa kidogo. Kipimo cha mkojo kinawahi zaidi: kijikaratasi kinachovywa, kile kiboksi cha protini kinatoka njano kwenda kijani, dakika haziishi mbili. Sasa mtu anakataa kutoa mkojo eti amekuja kwa ajili ya magoti!

Swali: Vipi dawa za kuongeza kinga?

Kinga yako haijapungua, imepotea njia, ukiichochea unataka nini? Kama unatumia chochote pembeni, lete na kopo lake tulione.

Swali: Nimegundua nina mimba, niache vidonge vyote?

Usiache vyote. Njoo haraka, wiki hiihii. Haidroksiklorokwini, dawa ya kila siku ya kutuliza lupasi, kwa kawaida inaendelea, na kuikata kunaweza kuuamsha ugonjwa, lakini mikofenolati, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, ni hatari kwa mtoto na inatakiwa ibadilishwe mapema, kabla hata hujashika mimba. Kwa hiyo anayepanga kuzaa atuambie kabla, vizuri ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6, na aje na vidonge vyote anavyomeza, sio kusema tu "vile vyeupe vidogo".