Upepo ni wa bure, stima si ya bure

“Mvuke wa Olkaria ni wa bure, maji ya Tana ni ya bure, upepo wa Turkana ni wa Mungu. Basi mbona tokeni ya mia tano haimalizi wiki?” Wateja ninaowafungia sola wameniuliza hivyo mara nyingi mno, na leo nawajibu wote kwa pamoja.

Anayeuliza hivyo hudhani bei ya stima ni bei ya kile kinachochomwa. Kwa dizeli amekaribia. Mtambo wa dizeli hujengwa haraka na kwa pesa kidogo, kisha hula mafuta kila saa unapozunguka. Kawi jadidifu, yaani ya maji, upepo, jua na mvuke wa ardhini, ni kinyume chake: gharama karibu yote hutoka kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, stima hutokana na mvuke wa ardhini, na kisima kimoja huchimbwa kilomita mbili hadi tatu kwenda chini, kwa mamilioni ya dola, na vipo visima ambavyo baada ya jasho hilo lote hutoa mvuke hafifu usiofaa kitu. Sehemu kubwa ya pesa hizo ni mkopo, tena wa fedha za kigeni. Unalipia riba, ndugu yangu, si mvuke. Shilingi ikiteremka, nyongeza inakufikia. Kwenye bili upo mstari wa mabadiliko ya fedha za kigeni, ila hakuna anayeusoma.

Kumbuka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Kufikia 2017 mitambo 365 ya upepo, jumla ya megawati 310, ilikuwa imesimama tayari, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuipeleka stima hadi kituo cha Suswa haikuwapo. Upepo ukavuma bure zaidi ya mwaka mzima, huku fidia ya mabilioni ya shilingi ikidaiwa kwa sababu ya kucheleweshwa kwa laini. Stima ilianza kupita 2018.

Sasa tazama mabwawa ya Tana. Kindaruma ilianza kuzalisha 1968, na pesa za kuijenga zilirudi zamani. Ndiyo maana stima ya mabwawa hayo makongwe ni miongoni mwa rahisi zaidi nchini. Mto ni ule ule. Kilichoisha ni deni. (Na hata maji yenyewe yanalipiwa: kuna ada ya rasilimali za maji kwenye bili yako, ndogo sana, lakini ipo.)

Kwa hiyo ukilinganisha vyanzo, uliza mtambo ulijengwa kwa riba gani na utafanya kazi miaka mingapi. Wala usifikiri dizeli ikizimwa tunaokoa kila kitu. Mikataba ya mitambo ile huilipa kwa kukaa tayari tu, izunguke isizunguke.

Yapo na mengine ninayoambiwa. “Megawati ni megawati.” Hapana. Megawati 50 za sola ya Garissa ni za adhuhuri. Kenya hutumia stima nyingi zaidi mwendo wa saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na taa na televisheni, na saa hiyo jua limeshalala. Mvuke, unaotupa stima nyingi kuliko chanzo kingine chochote, hauna usiku wala mchana. Pengo linalobaki huzibwa pia na mitambo ya pwani, ya Kipevu na Rabai, inayochoma mafuta mazito. Ndiyo sababu gharama ya mafuta haiondoki kwenye bili, ingawa takriban uniti tisa kati ya kumi ni za kawi jadidifu.

“Maji hayakauki.” Waulize waliokuwa na biashara mwaka 2000, ukame ulipoleta mgao wa stima.

“Jadidifu ni safi kabisa.” Olkaria ina harufu ya mayai viza, na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Hewa chafu yake bado ni kidogo sana ikilinganishwa na ya makaa ya mawe au dizeli, lakini tusidanganyane.

“Sola inataka joto.” Inataka mwanga. Joto huipunguzia nguvu: kila digrii moja ya paneli juu ya 25 hula karibu asilimia 0.4. Acha nafasi kati ya paneli na mabati ili upepo upite chini, hata kama fundi wako anasema haina haja.

“Nikifunga sola, stima ikipotea mimi nabaki na mwanga.” Bila betri, inveta (kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani) ya kuunganishwa na laini hujizima stima ikikatika, na imeundwa hivyo makusudi ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na stima ya paa lako. Unataka mwanga, nunua betri, tena ya lithiamu. Zile za gari mnazouziwa na mabinamu nimechoka kuzitoa zikiwa zimevimba.