Je, wajua boti ya faiba inaoza? Na mara nyingi inaanzia kwenye tundu

Mie miaka na miaka nikiamini faiba haiozi, na kwamba kupanua tundu la chini ya boti, lile la kupitishia bomba la maji, tuseme kutoka milimita 25 hadi 38, ni kutoboa tu, unapaka silikoni kwa wingi, unakaza nati, kwisha. Nilikosea mahali pawili.

Kosa kubwa lilitoka kwa majahazi. Tumekua tukiona mafundi wa Bandari ya Kale ya Mombasa wakitia kalafati, pamba inasukumwa kati ya mbao, afu chombo kikishuka majini mbao zinakunywa, zinafura, zinabanana na kuvuja kunapungua kwenyewe. Kwa hiyo kichwani mwangu mbao kulowa ni kheri. Kumbe kwenye faiba mambo yamepinduka kabisa. Glasi na rezini zinazounda faiba kweli haziozi, lakini boti nyingi si faiba tupu, ni ngozi mbili za faiba na katikati kuna plaiwudi au balsa, mbao nyepesi sana, ili bodi iwe ngumu bila kuwa nzito. Chukua sahani mbili, weka sponji ya kuoshea vyombo katikati, gandisha. Mwaga maji juu mchana kutwa, sponji kavu. Sasa toboa zote tatu, tia tone moja tu kwenye ukingo wa lile tundu. Linanyonywa, na halina pa kutokea manake jua halifiki wala hewa haipiti. Mbao inakuwa kama majani ya chai yaliyochujwa, ngozi zinaachana, na huku nje rangi inang'aa. Jahazi likivuja unaona, faiba inanyonya kimya kimya.

Ila si kila boti iko hivyo. Nyingi chini ya maji ni faiba nzima, sponji, yaani ile mbao ya katikati, iko kwenye sitaha au ubavuni. Watu hugonga kwa mpini wa bisibisi, penye uzima panalia ko ko, palipooza panalia bubu, lakini sauti hudanganya. Shahidi ni kile kiduara kinachotoka kwenye msumeno wa duara wa kutobolea tundu, tazama ukingo wake utaona matabaka.

Na msumeno wenyewe una kisa, kwani ile keekee ya katikati inayouongoza itashika nini na pale pako wazi tayari? Unaziba tundu kwa kipande cha mbao upate kitovu, au unafunga misumeno miwili kwenye mhimili mmoja, mdogo unatangulia ndani ya tundu la zamani na mkubwa unafuata nyuma yake. Afu unachokonoa sponji kama sentimita moja na nusu kuzunguka ukingo, unajaza epoksi nzito, ili maji yakifika pale yakutane na jiwe.

Kosa la pili ni hesabu. Kutoka 25 hadi 38 panaonekana padogo, kumbe eneo ni zaidi ya mara mbili. Sentimita 60 chini ya maji, tundu hilo likiwa wazi linaingiza zaidi ya lita mbili kwa sekunde, mtungi wa lita 20 hata sekunde kumi haufiki. Ndo maana pale pana valvu, tena ya bronzi, si brasi ya mabomba ya nyumbani ambayo maji ya chumvi huitoa zinki ikabaki shaba ya waridi inayovunjika kwa mkono. Na gundi ni ya poliyurethani, silikoni iache bafuni.

Kiduara cha kwanza nilichotoa, kwenye boti ya rafiki pale Mtwapa, ninacho hadi leo. Ukikibana katikati kinamung'unyika, na zile ngozi mbili ziko vilevile zilivyotoka kiwandani.