Kurefusha muda kati ya sevisi za vifaa vya kuzimia moto kwa "tathmini ya hatari": maana yake nini hasa

Siku hizi hapa Kampala ukimuuliza meneja mbona mitungi yake ya kuzimia moto imekaa miaka miwili bila sevisi anakujibu "bosi, tulifanya tathmini ya hatari tukaona kila mwaka ni mapema mno." Ukimwomba uione, karatasi hamna. Hiyo si tathmini, ni mtu kabana hela.

Maana yenyewe iko hivi. Standadi zinatoa ratiba, kwa mfano ile ya Marekani inayoitwa NFPA 10 inataka mtungi uangaliwe kila mwezi, sevisi kila mwaka, na ule wa unga wenye presha ndani umwagwe ukaguliwe kila miaka 6. Sheria mara nyingi haiendi ndani hivyo. Kule Uingereza sheria yao ya moto ya 2005 inadai vifaa viwe vizima, habari ya miezi haitaji, kwa hiyo ukiiacha ratiba ya standadi hujavunja sheria papo hapo ila sasa mzigo wa kuthibitisha ni wako, uandike umebadilisha nini, kwa sababu gani, umeweka nini badala yake, nani kasaini na lini mtaangalia tena.

Watu wanapokosea sana ni kuchanganya hatari mbili. Kuna moto kuwaka, halafu kuna kifaa kufa kimyakimya bila mtu kujua, na sevisi ni ya hii ya pili. "Hatujawahi kuungua tangu tufungue" haikwambii kitu chochote kuhusu mtungi!

Niliwahi kukuta mtungi wa kilo 6 kwenye stoo moja ya magodoro, umetundikwa ukuta mmoja na jenereta, sindano ya geji iko kwenye kijani safi kabisa. Nikaupindua nikaweka sikio, kimya, unga hauteremki. Tulipoufungua unga ulikuwa umeshindiliwa chini kama simenti, mtetemo wa kila siku huo. Geji inapima presha, unga haiujui. Tathmini ya kweli pale ingefupisha muda, maana hii kitu inakwenda pande zote mbili na hilo watu hawapendi kulisikia.

Kurefusha nakubali pale penye rekodi, yaani ofisi tulivu, mitungi mingi, miaka kadhaa ya ripoti za sevisi hazijakuta kasoro, na kuna mtu anayezunguka kila mwezi akijua anatafuta nini.

Bweni la shule hapana. Mukono, Oktoba 2022, watu 11, wengi wao watoto, waliungua hadi kufa kwenye shule ya wasioona. Mimi nikifanya tathmini ya bweni naongeza ukaguzi tu, sipunguzi: mlango wa dharura usukumwe kila jioni kabla watoto hawajalala, na metroni asaini kitabuni kwamba umefunguka.