Ujamiishaji ni nini, na huishia wapi?

Neno ujamiishaji huwatia haya wanafunzi kwa kuwa linakaribiana na kujamiiana. Maana yake ni nyingine kabisa: ni mtu kujifunza lugha, adabu, imani na majukumu ya watu anaoishi nao mpaka yakawa yake mwenyewe. Malezi ni sehemu tu ya jambo hili. Malezi yana mlezi na mtoto, ilhali ujamiishaji hauna umri.

Huanzia nyumbani. Mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mombasa, ulimi haujakaa sawa, husukumwa taratibu mbele ya mgeni: "Mwamkue babu." Anasema shikamoo, anajibiwa marahaba, na uso wa mzee unachangamka. Uso ule ndio somo lenyewe. Charles Horton Cooley, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1902 kwamba watu wengine ni kioo: tunajijua kwa jinsi tunavyodhani wanatuona.

Mwenzake, George Herbert Mead, aliitazama michezo. Watoto wakicheza cha mama na cha baba, wakipika mchanga kwenye vifuu, kila mmoja huigiza mtu mmoja. Wakikua kidogo wakaenda kupiga mpira uwanja wa Makadara, mambo hubadilika: mlinda lango hawezi kucheza bila kujua kazi ya kila mchezaji uwanjani. Hapo, kwa Mead, jamii nzima imeanza kuingia akilini mwa mtoto.

Kisha huja chuo cha Kurani, skuli na rika, nao hawakubaliani kila mara. Kijana yuleyule humwambia nyanya yake shikamoo, na akitoka mlangoni huwaambia wenzake niaje. Sikubaliani na wanaoona hapa adabu imeharibika. Kujua wapi useme lipi nako ni kujamiishwa, na hakuna aliyemmiminia kijana ujuzi huo kama maji kwenye mtungi; ameupima na kuuchagua mwenyewe.

Ukubwani masomo huwa mazito zaidi. Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Mombasa, mwari hukabidhiwa somo, mwanamke wa makamo anayemfunda kabla ya harusi: kujipamba, kufukiza udi, kuishi na wakwe, kutunza siri za nyumba. Mwari anafunzwa nafasi ambayo bado hajaishika. Robert Merton, mwanasosholojia mwingine wa Marekani, ndiye aliyeupa mtindo huu jina katika sosholojia, na kwa Kiswahili twaweza kuuita ujamiishaji tangulizi. Magereza na kambi za jeshi hufanya kinyume: humvua mtu mazoea yake ya zamani kwanza, ndipo zikampa mapya.

Uzee ndio husahauliwa, nami naona ndio unaohitaji kutazamwa zaidi. Mwanamke Mwislamu akifiwa na mumewe hukaa eda miezi 4 na siku 10 ikiwa hana mimba, na muda huo anajifunza kuwa mjane: jina jipya, mavazi mengine, siku zisizo na mtu wa kumngojea. Mtumishi wa serikali anayestaafu akiwa na miaka 60 naye hufika barazani kama mwanafunzi mgeni. Miaka mingi alitoa amri ofisini. Sasa anatazama wenzake huketi wapi, nani huanza kusema, na kahawa humiminiwa nani kwanza.